Kitabu cha Dhihaka Kando ya Msahafu

Mwanaidi, yule daktari Mjerumani wa Chole amefariki, na kile kitabu chake cha Kilatini ameusia apewe baba yako! Salamu sana, mjukuu wangu. Sisi wazima.

Uliniuliza kwa nini alikuwa akivua kofia mlangoni kwangu. Alikusanya vitabu vikongwe, na mwanangu, baba yako, hodari niliyemzaa mimi, ndiye aliyemtunzia, hata akafundishwa naye Kilatini. Alipokwenda kwao kutibiwa, alituachia kimoja, akipendacho kuliko vyote. Nami nikadhani ni kitabu kitukufu. Nikakifunga kitambaa, nikakiweka juu kando ya msahafu, nikakifukiza udi kila Alhamisi. Aliporudi, vile alivyovifungia nyumbani kwake vyote vilikuwa vimeliwa na mchwa. Nikamfungulia kile kitambaa, naye daktari akashangaa:

“Mama, hiki ni cha dhihaka! Kinawacheka wafalme!”

“Basi nacho kimekaa kifalme.”

Hakucheka. Alikikumbatia, akalia. Kumbe hata mzaha una wa kuulilia.

Baba yako atatusomea Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Siku hiyo nawangoja nyote.