Lami juu ya Majina

Kashikishi, Jumatatu, 15 Juni 1998

Lami! Fundi Bwalya, mtengeneza mitumbwi, niliyempa bango langu la mgomo wa walimu alitie fremu, ameliziba kwa lami, kama mtumbwi unaovuja.

Kosa ni langu. Kioo cha kweli ni ghali, nami nilijisifu kwa kupata pleksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, kutoka kibao cha duka lililofungwa. Nilimwambia fundi jambo moja tu: unyevu wa ziwa na moshi wa samaki visiguse karatasi. Akatii. Lami imepenya chini ya pleksi na kumeza sehemu yote ya chini, pale wenzangu sita walipotia sahihi kabla sijavuka ziwa kukimbilia huku.

"Papa, mayi ya ziwa haitaingia mule hata siku moja," alisema akitabasamu.

Nilimtukana mbele ya wateja wake. Mjinga, muuaji wa historia, na mengine. Alingoja nimalize.

"Basi uniambie majina, Papa. Nitachoma ku mbao na musumari ya moto."

Nikayataja kwa sauti ya mkutanoni. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Halafu nikarudia la nne, la tano likakataa kuja, na fundi bado ameshika msumari.

Mimi, niliyeandika makala chungu nzima kuwashutumu watu kwa kusahau!

Nimemwambia nitarudi kesho. Wa tano alifundisha hesabu. Alikuwa na kovu kidevuni, akanivisha koti lake siku ile ya kuvuka. Aliitwa...