Utani wa Stoo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwaka wa thelathini na nane tangu nitoke kijijini kwetu Namasakata. Baridi kali. Nimefungua ghala, nimewagawia wanawake nyungo. Wao wanachambua mahindi, mimi nawasimamia.

Kabla ya chai mmoja wao, Neema, binti wa Kibena, amenifuata nje. Shikamoo, kisha: "Babu, usinitume tena stoo kuchukua magunia. Gama akinikuta anafunga mlango."

Gama ni karani wa mizani. Amemshika kifua, si mara moja. Nimemwambia namwamini. Nimemuuliza anataka lifanyike nini. Anataka kazi yake, na Gama akae mbali.

Nina hasira. Chai imenishinda.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda na Neema kwa meneja, kwa ridhaa yake. Nimeomba Gama aondolewe ghalani wakati jambo linaangaliwa. Meneja akacheka. Eti Gama ni Mngoni, Wangoni na Wabena ni watani, amezidisha kidogo tu. Alete kuku, yaishe.

"Na wewe mzee ni Myao. Utani wao unakuhusu nini?"

Upuuzi. Nimeuona utani wa hapa. Nimeona mtani akilala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Utani ni mbele za watu, na mtani hujibu. Nani hutania nyuma ya mlango uliofungwa?

Alhamisi, 12 Juni

Kuku kaja kweli. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya gunia. Meneja ametukusanya wote, akamwambia Neema ampokee. Ukipokea umesamehe. Kila mtu hapa anajua.

Neema akaweka mikono nyuma. "Mtani angenitukana mbele yenu, nami ningemtukana zaidi. Huyu si mtani wangu."

Mama Tumaini, mkongwe wa wachambuaji, akamgeukia Gama: "Baba, mpeleke jogoo nyumbani. Labda yeye anapenda kufungiwa."

Wanawake wakacheka. Gama akatoka, jogoo kwapani.

Meneja akaamuru Neema ahamie kufagia uwanja. Nikakataa. Aliyekosewa hahami, ahame Gama. Basi, akasema, mzee ukapumzike nyumbani.

Nimefukuzwa kwa adabu.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala nimemsindikiza Neema polisi, dawati la jinsia. Mama Tumaini naye alikuja, na mwenzao mmoja ambaye Gama alimfanyia hivyohivyo mwaka jana. Alinyamaza kwa sababu naye aliletewa kuku.

Nimetoa maelezo yangu. Gama namchukia. Meneja namchukia zaidi. Yeye alikuwa na uwezo wa kuwalinda, akaagiza kitoweo.

Jumanne, 17 Juni

Gama amesimamishwa kazi. Neema yuko kwenye ungo wake. Mama Tumaini amepitia hapa nyumbani kwangu Ruhuwiko kunieleza. Sasa stoo wanaingia wawiliwawili, mlango wazi.

Meneja amepiga simu, sauti ya upole. Nikifuta maelezo, niseme ulikuwa utani, nafasi yangu ipo.

Nimemwambia hapana. Nimeota jua uwanjani kwangu mpaka mgongo ukapata joto. Ghalani sirudi.