Mdomo wa Paipu ya Nyuma Kulia

Jumatano, 5 Machi

Nimejitia kitanzi mwenyewe, tena kwa mdomo wangu.

Mama anaingia kupasuliwa nyonga Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Leo mezani ametangaza kwamba haendi hospitali kwa teksi wala kwa gari la jirani. Anataka kupelekwa na Mke Mwenza! Ndilo jina alilolipa gari la Baba siku alipoolewa, kwa sababu alilikuta ndani ya nyumba na Baba alikuwa analifuta vumbi kabla hata ya kunywa chai. Gari zee, limetuzidi umri Kaka na mimi tukijumlishwa. Limekaa gereji miaka minne, tangu siku breki zilipokatika kwenye mteremko likajibamiza ukutani na Mama akavunjika nyonga. Sasa anasema aliyemvunja ndiye atakayempeleka, halafu anaomba chumvi.

Baba alisogeza sahani yake. Akasema sawa, litakwenda, mradi fundi mmoja asiliguse. Hakumtaja. Kaka hatajwi humu ndani, maana yeye ndiye aliyefunga zile breki.

Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema nitabadilisha paipu zote za breki mimi. Si niliwahi kumsaidia Kaka? Si kutwa nzima nashika skrubu za miwani dukani? Baba alinitazama kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Ningerudi nyuma vipi?

Siku kumi na mbili.


Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba likizo. Magurudumu yote chini, gari juu ya stendi. Paipu za zamani, za chuma, zimeshika kutu, zinaacha unga mwekundu vidoleni.

Kukata paipu mpya si kazi. Kuikunja si kazi. Kazi ni mdomo. Ncha ya paipu lazima itanuliwe kama tarumbeta, ndipo nati iibane pasivuje hata tone. Na kwa gari hili mdomo unakunjwa mara mbili, kama pindo la suruali. Ukikunja mara moja tu unashika siku mbili tatu, halafu mtu anakanyaga breki kwa nguvu, unapasuka.

Baba kaniletea kibano chake, kakifunga kwenye flana safi. Vyuma viwili vyenye matundu, paipu inabanwa katikati, juu kuna skrubu ya kutanulia. Kilikuja na gari. Tundu la paipu hizi lina jino dogo lililovunjika, linachora mkwaruzo kwenye shaba, lakini Baba anasema hiyo ni sahihi yake tu, haidhuru.

Nimebana. Paipu ikateleza. Nimebana tena mpaka kiganja kikavimba. Mdomo ukatoka upande, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Vipande sita vimekwenda na maji. Baba amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananiambia taratibu, taratibu. Nilitamani kumrushia kibano chake.

Kaka hakuwahi kukipenda. Alikuwa na mashine yake, kaifunga kwenye jiliwa, kile kibanio kizito cha mezani.


Jumamosi, 8 Machi

Duka la spea. Mwenyewe anaitwa Milimita, kwa sababu hata ukimuuliza choo kiko wapi atakupa vipimo. Kanitandikia vifaa vitatu juu ya kaunta. Kwanza, seti ya kibano kipya kwenye sanduku jekundu. Pili, mashine ya kufunga kwenye jiliwa, ina kichwa kinachozunguka na mkono wa kuvuta. Tatu, kitu cha haidroliki kinachoshikwa mkononi, kizito kama mtoto mchanga.

Kaniuliza paipu ya shaba au ya chuma. Shaba. Mdomo wa nyuzi ngapi? Arobaini na tano, nikabahatisha. Unatengenezea mezani au chini ya gari? Nikasema popote. Akanitazama kama mfamasia anavyomtazama mtu anayenunua dawa ya mgonjwa asiyemjua.

Nimechukua sanduku jekundu. Sababu? Kibano chake kinafanana na cha Baba. Sikutaka kueleza nyumbani kwa nini chake hakifai. Ni sababu ya kijinga na naijua.


Jumapili, 9 Machi

Skrubu ya sanduku jekundu imeliwa meno kwenye mdomo wa tatu. Wa tatu! Hicho ni chuma au sabuni? Nimekaa chini ya gari nikalia, si sana, kama dakika mbili. Siku nane na sina mdomo hata mmoja.


Jumanne, 11 Machi

Milimita kakubali kubadilisha. Sasa nina mashine ya kwenye jiliwa. Paipu ndani, kaza, zungusha kichwa, vuta mkono. Zungusha tena, vuta. Nikatoa — mdomo! Umekunjwa mara mbili, duara kamili, unang'aa. Nimepiga kelele mpaka Baba akaja na kiatu kimoja.

Akaugeuza kwenye mwanga. Akasema hata kiwandani hawatoi hivi. Halafu akaniuliza kwa upole, nati iko wapi?

Nati ilikuwa juu ya meza. Nati huvishwa kwanza, ndipo utanue mdomo. Ukishatanua haipiti tena, inabidi ukate uanze upya, na paipu inakuwa fupi. Kosa la wanafunzi wote duniani. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ajali. Na mimi nikacheka.

Katikati ya kicheko nikaitazama tena ile nati. Kosa hili nimewahi kulifanya. Wapi?


Jumatano, 12 Machi

Mungu wangu.

Leo nimefungua paipu ya nyuma kulia. Ndiyo iliyopasuka siku ile. Haijabadilishwa tangu gari livutwe kurudi nyumbani. Nati ikalegea, paipu ikaanguka kiganjani. Mdomo umekunjwa mara moja tu, una ufa kama unywele. Na chini ya mdomo, mkwaruzo.

Nikazichukua paipu nyingine zote alizofunga Kaka wakati ule, nikazifuta moja moja. Safi. Midomo yote mara mbili, hakuna mkwaruzo. Ni hii tu iliyopitia kwenye kibano cha Baba.

Nimekumbuka. Kaka alikwenda dukani kutafuta nati mbili zilizopungua. Aliniambia nimalizie mdomo wa nyuma kulia kwenye mashine yake halafu niipachike. Nikautoa mzuri sana. Nikaipachika paipu kwenye gari, nikaibana upande wa pili, nikarudi kufunga — nati sijavisha. Nikaona aibu. Nikakata palepale chini ya gari. Mashine iko kwenye jiliwa, haifiki huko. Kibano cha Baba kilikuwa jirani. Paipu imebaki fupi, pa kukunjia mara ya pili hapatoshi. Nikakunja mara moja. Nikakaza. Kaka aliporudi akauliza tayari? Nikasema tayari.

Wiki tatu baadaye Mama alikuwa kwenye kiti cha mbele.

Na siku ile Baba aliuliza, pale pale ukutani, nani kafunga za nyuma? Kaka akasema mimi. Haraka, hata Baba hajamaliza swali. Mimi nilijiambia ni kweli, si alifunga zote? Nimejiambia hivyo miaka minne. Nilikuwa najua? Naapa sijui kama nilikuwa najua. Mtu anaweza kujisahaulisha, akaweza kabisa.

Paipu nimeifunga kwenye flana ileile ya Baba. 


Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kazini, duka la miwani, ingawa niko likizo. Nimekata lenzi ya mteja kushoto kulia na kulia kushoto. Bosi kaniambia nirudi nyumbani nikalale. Sijala.


Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Kaka. Nimejikaza kisabuni, nikazungumza kama mtu wa kazini. Nikamwambia paipu tano zimekamilika, imebaki ya nyuma kulia. Inapita juu ya ekseli, lazima mdomo wa mwisho utengenezwe ikiwa tayari kwenye gari, na mashine yangu iko kwenye jiliwa. Nitumie kifaa gani?

Akasema chukua cha haidroliki, cha mkononi, kinaingia popote. Kisha akaongeza: "Ila kibano cha Baba usikitumie tena pale."

 Nikakaa kwenye sakafu ya korido.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ileile. Nyie mlikuwa hospitali na Mama, mimi nikaingia chini ya gari. Mkwaruzo ule ningekosa vipi kuujua?"

Nikamuuliza kwa nini basi, kwa nini! Akasema siku ile mimi nilikuwa nalia, Mama anapiga mayowe, Baba anataka mtu wa kumlaumu. Yeye alikuwa na ufundi, alikuwa na pa kwenda. Mimi sikuwa na pa kwenda. Alidhani Baba angefura wiki mbili, basi.

"Halafu nikawa nakusubiri, mdogo wangu. Nilidhani ungeiona mapema."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Nikamwomba aje kabla Mama hajaingia chumba cha upasuaji. Akasema atakuja, mizigo yake iko tayari siku zote. Lakini Baba ampigie mwenyewe. Baba ndiye aliyemwambia asikanyage, Baba ndiye atakayemwambia aje.


Jumamosi, 15 Machi

Milimita hakuuliza kitu. Kachukua mashine, kanipa ya haidroliki, akasema vifaa vitatu kwa gari moja, ndugu yangu, ulipaswa kuanza na swali langu la tatu. Kweli. Unatengenezea mezani au chini ya gari? Nilisema popote kwa sababu sikutaka kufika chini ya gari.

Nati kwanza. Nimeivisha, nikaigusa, nikaigusa tena. Nimelala chali, paipu mbele ya pua. Nimepampu. Mdomo ukafunguka polepole, kisha ukajikunja mara ya pili. Kazi safi kuliko zote. Sikupata furaha hata chembe.

Jioni Mama kaniita chumbani nimsaidie kupanga kanga zake za hospitali. Akanikazia macho. "Mwanangu, hivi wewe hushindwi?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema kwa hasira kidogo kwamba alitegemea ningeshindwa Jumapili iliyopita, nimwite kaka yangu. "Kwani mimi nimewahi kupanda lile gari kwa mapenzi?" Akimwita yeye mwenyewe, Baba atasema anamtetea mwanawe. Kwa hiyo akabuni hilo la Mke Mwenza. "Nataka kuwaona wote wawili kabla hawajanilaza. Mtu hajui."

  Nikakunja kanga.


Jumapili, 16 Machi

Saa tisa na nusu alasiri. Naandikia jikoni, naona gereji kwa dirisha.

Leo tumetoa hewa kwenye breki. Ni kazi ya watu wawili. Baba kwenye usukani, mimi chini kwenye gurudumu. Anapampu pedeli, akihisi ngumu anasema tayari. Nasema shikilia. Nafungua nati ndogo, mafuta na mapovu yanatoka, nafunga. Ndipo nasema achia. Hawezi kuachia kabla sijamwambia, akiachia nati ikiwa wazi hewa inarudi na kazi yote imeharibika. Baba ni mtu wa amri, analijua hilo vizuri. Magurudumu matatu yamekwenda hivyo. Tayari. Shikilia. Achia. Akaanza hata kunitania, kwamba nimepata sauti ya mwalimu mkuu.

Tukafika nyuma kulia.

Tayari, akasema. Shikilia, nikasema. Nikafungua. Mapovu, mapovu, kisha mafuta matupu. Nikafunga. Na badala ya kusema achia, nikiwa nimelala pale uso wangu hauonekani, nikasema, "Baba. Paipu hii, ile iliyopasuka, niliitengeneza mimi. Si Kaka."

Kule mbele kiti kililia mara moja.

Nikaeleza yote. Nati, aibu, kibano, kukunja mara moja. Nilikuwa naongea na bati la chini ya gari. Nilipotoka nikamwonyesha ile paipu. Hakuipokea. Aliuangalia mkwaruzo, basi, kama mtu anayesoma jina. Mikono yote miwili kwenye usukani.

Akauliza neno moja. "Alijua?"

Nikasema alijua siku ileile.

Hakuuliza tena. Nikasimama, nikasimama, kisha nikaingia ndani. Hiyo ni saa nzima iliyopita. Bado amekaa mlemle. Mama kamwita kwa dirisha la chumbani, breki zimeshika au hazijashika? Akainua mkono tu.

Sasa hivi kateremsha kioo. Kaniita. Nikaenda mpaka kizingiti cha jikoni, sikuthubutu kuvuka. Akauliza, bila kugeuza kichwa, kama Kaka bado ana namba ileile ya zamani. Nikasema hapana, alibadilisha mwaka juzi. Akatoa simu. Nikamtajia tarakimu moja moja, yeye anabonyeza kwa kidole gumba, anarudia kila moja kwa sauti, kama yuko darasani. Zimetimia zote.

Simu iko kwenye paja lake, bado inawaka. Hajapiga. Anaitazama. Nikisogea dirishani naona mguu wake wa kulia umenyooka kwenye pedeli, goti linatetemeka. Sijamwambia aachie, na yeye hajauliza.