Pumzi Inapokatika Usingizini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, Shemeji na wapwa zangu wote wawili. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi yako aliniambia umeanza tena kukusumbua kwa sababu ya kuinamia lile beseni la nguo. Tafadhali waachie hao watoto wafue, wana mikono minne na ujana wote. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na mguu unapata nguvu. Sasa anatoka chumbani hadi sebuleni kwa fimbo moja, yale magongo ya kwapani tumeyaweka juu ya kabati. Juzi alimgombeza mke wangu kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo jua kwamba amepona nusu.

Najua unashangaa kupata kurasa zote hizi kutoka kwa mtu ambaye hata ujumbe wa simu huujibu kwa neno moja. Nimekupigia mara nne mwezi huu. Kila ukipokea nauliza habari za watoto, na nikishamaliza habari za watoto naaga. Kuna jambo mdomo wangu unalikataa, nikaona afadhali mkono uliseme. Naomba uisome umekaa, na usimwite Shemeji mpaka ufike mwisho.

Nianze na jino. Siku ile ya ajali ya gari, mimi na Mama, nilijigonga kidevu kwenye usukani, na jino moja la nyuma likamegeka. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anahangaika na mguu wa Mama, nililiacha. Baada ya miezi mitatu likaanza kunichoma hadi sikioni, nikaenda kwa daktari wa meno mwenye chumba chake juu ya duka la vioo. Ni mama mmoja mfupi, anayezungumza polepole kama mwalimu wa watoto wadogo. Alinidunga sindano ya ganzi, akaniambia nitulie dakika kumi mpaka taya life. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, taa usoni, na zile koleo zake zimepangwa mezani zinanitazama. Mtu mwingine angekuwa anatetemeka. Mimi nikalala.

Nilipofumbua macho, daktari na msaidizi wake walikuwa wamesimama pande zote mbili za kiti, na msaidizi alikuwa anaangalia saa ya mkononi. Hakuna aliyecheka. Daktari akaniuliza kama mke wangu amewahi kuniambia kuwa naacha kupumua nikiwa nimelala. Nikamjibu kwa mzaha kwamba mke wangu amehamia chumba cha watoto tangu mwaka juzi kwa sababu ya kukoroma kwangu, na kwamba wewe mwenyewe tangu utotoni ulikuwa unaniita Trekta.

“Baba, sikuulizi kukoroma,” akasema. “Nakuuliza kunyamaza.”

Kisha akanieleza walichokiona. Nilikoroma mpaka mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia mlangoni. Halafu nikanyamaza ghafla. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, tumbo linahangaika, lakini hewa haiingii wala haitoki. Msaidizi alihesabu sekunde thelathini na nne. Ndipo nikashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, kama mtu aliyevutwa kutoka majini, nikaendelea kulala kana kwamba hakuna kilichotokea. Mara tatu, Dada, katika dakika kumi. Nami nilikuwa najiona nimejipumzisha.

Na unajua nilimkumbuka nani. Nilimkumbuka Baba kwenye lile kochi la kijani, mchana baada ya kula, na Mama akijiwekea kidole mdomoni ili tusipige kelele. Unakumbuka tulivyokuwa tunafurahi alipoacha kukoroma, kwa sababu sasa tungeweza kuisikia redio? Siku ile alipoacha na asianze tena, mimi na wewe tuliongeza sauti ya redio. Nilimuuliza daktari kama ndicho kilichomuua. Akasema hakuna mtu anayeweza kulijua hilo leo, na nisijitese kwa kulikisia. Lakini mimi nina miaka arobaini na minane, Baba alikuwa na hamsini na mmoja, na shingo yangu ni nene kama ya kwake.

Yule mama hakunitibu kwa kukisia. Aliliziba jino, akaniandikia barua ya kwenda hospitali kwa daktari wa mambo ya usingizi. Huko nilipewa kifaa cha kulala nacho nyumbani: mkanda kifuani, mrija mwembamba chini ya pua, na kibanio cha kidoleni. Majibu yalipotoka, mke wangu alikuwa ameketi kando yangu. Daktari akasema pumzi yangu inakatika mara ishirini na sita kila saa. Akaeleza kwamba nikilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inajifunga, na ubongo unalazimika kuniamsha kidogo ili nisife. Ninaamshwa hivyo mpaka alfajiri bila mwenyewe kujua, kisha naingia kazini nikidhani nimelala.

Akaniuliza kama nasinzia kazini. Nikasema kidogo tu. Dada, wewe unaijua kazi yangu. Ile mashine ya kukatia karatasi ina kisu kirefu kuliko mkono wangu, kinapita kwenye rundo la karatasi mia tano kana kwamba ni siagi. Haitakiwi kukata mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa mikono yote miwili, ila sisi kimoja tulikuwa tumekibana kwa kijiti ili kazi iende haraka. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwenzangu tunayemwita Gundi, yule anayebandika vitabu, alinikuta nimesimama macho yamefumba, mkono wa kushoto uko chini ya kisu na wa kulia uko kwenye kitufe. Hakupiga kelele, aliogopa nitashtuka na kubonyeza. Alitembea taratibu akauzima umeme ukutani. Kisha akakaa chini sakafuni. Hayo sikumwambia daktari.

Akauliza swali jingine: nimewahi kusinzia nikiendesha gari? Mke wangu alinigeukia. Nikajibu hapana. Daktari aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaandika alichoandika.

Kwanza walinipa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa ya kufunga usoni. Alisema ndiyo tiba yenye nguvu zaidi, na watu wengi wanaizoea. Mimi ilinishinda. Nilijaribu wiki tatu, na kila mara nilijikuta nimeing'oa, moyo unanidunda, nikiona kama mtu amenikalia uso. Ndipo daktari akasema kwa kiwango cha ugonjwa wangu tunaweza kujaribu kifaa cha mdomoni, kwa sharti kwamba nipimwe tena nikiwa nacho, maana kuacha kukoroma peke yake si ushahidi wa kupona. Nikarudishwa kwa yule mama wa meno.

Alikagua meno yangu moja moja, na fizi, na maungio ya taya, akisema kifaa hiki hushikilia meno, kwa hiyo meno yenyewe lazima yawe imara. Akanijaza mdomoni kitu kama uji mzito wa rangi ya waridi, kikaganda, akakitoa na umbo la meno yangu ndani yake. Baada ya wiki mbili kifaa kikawa tayari: vipande viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vimeunganishwa ubavuni kwa skrubu ndogo. Kazi yake ni kulivuta taya la chini mbele na kulizuia hapo, ili ulimi usirudi kuziba njia. Kila baada ya siku chache skrubu inazungushwa kidogo kwa kiufunguo chembamba kama sindano, na taya linasogea unywele mmoja mbele.

Usinione mtoto nikikuambia niliogopa kukivaa. Kukaa na kitu kimefungwa kinywani, mimi ambaye nimeambiwa pumzi yangu inakatika! Siku ya kwanza nilikivaa mchana, nimekaa wima kitini, mke wangu kanishika mkono. Mate yalinitiririka kama mtoto anayeota meno. Mama akapita na fimbo yake, akaniuliza nimeazima meno ya nani. Hata mimi nilicheka. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yangu, na kicheko kikaniishia hapo hapo. Wiki za mwanzo taya liliuma, na asubuhi meno ya juu na ya chini yalikuwa hayakutani, nikitafuna mkate kwa upande mmoja kama mbuzi. Yule mama akanionyesha mazoezi ya kuyarudisha, na akanionya nisikose kurudi kwake, kwa sababu meno yanaweza kuhama.

Mke wangu alirudi chumbani kwetu. Sikujua mpaka baadaye kwamba wiki nzima hakulala, alikuwa ananisikiliza. Aliniambia kwamba zamani kelele ndiyo iliyomfukuza, na sasa ukimya ndio uliokuwa unamkalisha macho, akiweka kiganja mbele ya pua yangu ili ahakikishe. Nilipopimwa tena, ishirini na sita ilikuwa imeshuka hadi sita. Mke wangu alilia pale pale mbele ya daktari. Mimi sikulia. Nilikuwa naogopa kitu kingine.

Dada, tangu nianze kulala kweli, kichwa changu kimekuwa chepesi. Nasoma gazeti hadi mwisho. Nakumbuka majina ya watu. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kwenye ukungu, na ndani ya ukungu ule nilikuwa nimeficha jambo, nikalisahau nusu. Sasa ukungu umeondoka na jambo limebaki limesimama katikati ya chumba. Ndipo ukatuma ule ujumbe wako kuhusu Shemeji: kwamba hagusi tena breki za gari la mtu, anabadilisha matairi na betri tu, kwamba anakaza nati moja mara nne, kisha anaikimbilia tena mteja akishawasha gari, kwamba fundi aliyeaminiwa na mtaa mzima sasa anakuuliza wewe kama mikono yake inatetemeka. Niliusoma nikiwa kwenye benchi la hospitali, nikaona haya kukaa.

Ukweli ni huu. Breki hazikuvuta upande mmoja, kama nilivyowaambia wote. Hakuna kilichoharibika kwenye gari lile. Nililala.

Ilikuwa saa nane mchana, barabara imenyooka, Mama yuko kando yangu ananisimulia habari za jirani yake. Nakumbuka akitaja kuku. Kitu kilichofuata ni ukelele wake. Nilipofumbua macho tulikuwa tumeshaiacha lami na ukuta wa daraja unakuja. Mama mwenyewe hakuwa ameniona usoni, alikuwa amegeukia dirisha. Yule askari alipofika akaniuliza nini kimetokea, na neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa breki. Sikulipanga. Lilitoka tu, kwa sababu Shemeji alikuwa ameweka pedi mpya za breki siku mbili kabla, na kwa sababu ningesema nimelala, Mama angekuwa amelala pale na mfupa nje kwa ajili ya usingizi wangu. Baadaye Shemeji alipoomba alione gari mwenyewe, nilimwambia limekwisha kuuzwa vyuma chakavu. Halikuwa limeuzwa. Niliwapigia wanunuzi jioni ile ile, na kesho yake wakaja kulivuta.

Nimemwacha mume wako abebe mzigo huu miezi saba. Nimekaa kwenye kikao cha familia nikasikia wajomba wakimwita mzembe, nikatazama miguu yangu. Nimemwona akimletea Mama matunda, na Mama akiyapokea bila kumtazama. Usiniambie ni ugonjwa. Ugonjwa ulinifumba macho sekunde chache. Mengine yote niliyafanya nikiwa macho.

Wiki iliyopita nilirudi kwa daktari nikabadilisha jibu langu, na mke wangu akalisikia hapo hapo. Siendeshi gari mpaka daktari aridhike. Kile kijiti kwenye kitufe nimekiondoa, na msimamizi nimemwambia kila kitu. Mama nimemwambia leo asubuhi. Akasema, “Kwa hiyo nimemnyima salamu mtoto wa watu miezi saba.” Chai niliyompelekea ameiacha ipoe. Ila nimemsikia akimwagiza mke wangu ampigie pasi gauni la safari.

Tutakuja Jumamosi kwa basi, mimi na yeye. Wajomba nimewaomba wafike pia, ili walisikie kwenye kikao kama kile walichomtukania. Mkifunga mlango nitaelewa. Mama mpokeeni, mimi nitakaa nje.

Sasa mwite Shemeji, umpe barua hii aisome mwenyewe, usimsomee. Na kabla hajafika kwenye mistari hii, mwambie jambo moja ambalo hakuna anayelijua ila mimi. Nilipozinduka na kuuona ule ukuta, nilikanyaga kwa nguvu zangu zote. Breki zilishika, Shemeji. Zilishika sawasawa, magurudumu yote manne, gari likanyooka kama limevutwa na kamba, na tulipougonga ukuta mwendo ulikuwa umekwisha karibu wote. Mama alivunjika mguu. Kwa breki nyingine yoyote tungekuwa tumemzika. Kama Mama yuko hai na analalamikia chumvi, ni kwa mikono yako.

Nisalimie wapwa zangu, uwaambie mjomba wao anakuja na ana neno la kumwambia baba yao mbele yao. Wifi yako anakusalimu, watoto wanamsalimu shangazi yao. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekukosea.