Upande Mweusi wa Chumba

Charity, wamempiga mume wangu Gachanja! Ndani ya chumba chetu!

Unajua hulala mchana kwa sababu ya zamu ya usiku kiwandani. Ndiyo maana nilitoa vyombo vyote visimwamshe, nikaacha kitanda na cherehani tu, nikapaka upande wake lami apate giza, wangu chokaa nione kushona.

Leo saa nne askari wamevunja mlango. "Wakikuyu! Hapa gizani ndipo mnapokula kiapo cha waasi!"

Kiapo! Nikasema giza ni la usingizi. Wakampiga na vitako vya bunduki mpaka damu ikaruka kwa chokaa yangu.

"Nani alipaka hii nyeusi?"

Lami ilikuwa bado kwa kucha zangu, Charity. Nikaficha mikono ndani ya leso.

Gachanja akaniangalia. Akasema, "Ni mimi."

Wamemchukua. Na mimi nilinyamaza.