Wavu Haukushushwa

Nyegezi, Mwanza
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na bibi, bado anakula vizuri? Mimi siumwi, ila tangu uliponipigia Ijumaa ukasema, "Mwombe mjomba wako msamaha," chakula hakipiti. Mambo haya hayaelezeki kwa simu, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu kwenye meli hii ya serikali unaijua: wavu ukivutwa, watafiti wanapima samaki, mimi naandika. Melini tunatumia penseli kwa sababu maji hayaifuti. Tukirudi bandarini, mjomba, mkuu wa vipimo, ananisomea karatasi zile, nami nanakili kwa kalamu kwenye daftari kuu, kisha karatasi zinabaki kwangu.

Safari iliyopita, karibu na Ukerewe, ziwa lilichafuka, tukatia nanga mchana kutwa. Niliandika: "Wavu haukushushwa." Mjomba akasaini karatasi hiyo. Tuliporudi, akanisomea sangara na sato wa siku ile ile, pamoja na uzito wao. Nikasimamisha kalamu.

"Mjomba, pale si tulitia nanga tu?"

"Audax, nani alikuleta hapa? Andika, baba."

Nikaandika, Mama. Hilo ni kosa langu, silikatai.

Sasa wakubwa wamelinganisha daftari kuu na la nahodha, wakaona siku ile meli haikusogea. Mjomba akawaambia mbele yangu, "Huyu kijana amebuni. Mwandiko si wake?" Hakunitazama hata mara moja. Siku hizi mpishi akinipakulia anauliza, "Karani, leo umevua wangapi kwa kalamu?" Watu wanacheka. Mjomba naye anacheka.

Kesho saa tatu asubuhi naitwa kujieleza, na naweza kufukuzwa. Naogopa. Lakini ile karatasi ya penseli ninayo. Barua hii ikikufikia kwa basi la Bukoba, nitakuwa nimeshaitoa. Fotokopi yake iko humu. Maneno ni yangu; tazama sahihi iliyo chini. Wewe unaijua kuliko wao. Ndiyo iliyo kwenye fomu zangu zote za shule tangu baba afariki, pale palipoandikwa "mlezi".

Nisalimie bibi, dada Aneth na mama mdogo wa kwaya. Mjomba simtumii salamu, tunaonana kila siku.

Ukishaitazama, nipigie. Usiniambie niombe msamaha. Niulize tu kama nimekula.

Mwanao,
Audax