Tulihesabu Kumi na Mmoja

Mtaa wa Quarry, Nambari 14,
Kellaway,
Tasmania.
Jumatatu, 17 Mei 1993.

Mpendwa kaka yangu Desmond,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu na matope. Nyonga mpya inaendeleaje? Wifi Lorraine aliandika kwamba umeshaanza kushuka ngazi bila fimbo na kwamba huambiliki. Mwache akuambie, kaka. Na theluji ya huko Kanada, imeshayeyuka au bado mnachimba njia ya kufikia gari? Sisi tuko salama. Mgongo wangu unalalamika asubuhi, ukishapata chai unanyamaza. Mume wangu Alwyn hajambo, redio yake imo sikioni kila Jumamosi kusikiliza mpira, na timu yake inafungwa kama kawaida.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia juu ya harusi ya binti wa dada yetu Coralie, lakini nikishika kalamu mkono unakwenda upande mwingine. Nina hasira, Desmond. Nimekuwa na hasira wiki tatu, na Alwyn amesema kama nitalitaja tena jina la Graeme Tuckwell mezani atahamia bandani.

Unakumbuka nilikuambia nimejiunga na klabu ya watembea msituni. Mwaka huu ni wa tisa. Tunatoka Jumamosi, kila baada ya wiki mbili, tuna kamati, tuna jarida la kurasa nane ambalo mimi ndiye mhariri, na mwenyekiti wetu ni huyo Graeme, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mtu wa hesabu! Shika hilo.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne mwezi uliopita tulipanda Mlima Fuawe. Tulikuwa kumi na mmoja. Graeme alikuwa kiongozi wa safari, mimi nilikuwa mkia. Ndivyo tunavyomwita anayetembea nyuma ya wote ili asibaki mtu. Kazi ya mkia ni hiyo tu. Huna haja ya ramani wala dira. Kaa nyuma.

Alikuwepo pia Nesta Quill, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, yule mjane aliyehamia nyumba ya akina Pybus baada ya wewe kuondoka. Ana miaka sabini na mmoja na amepanda milima ya kisiwa hiki kuliko sisi wote tukijumlishwa. Anakwenda polepole, haongei sana, na akiongea unatamani angenyamaza, maana hakosei.

Tulifika kileleni saa sita na nusu. Wakati tunashuka, tukiwa pale mlima unapobana kama shingo na njia kugawanyika mbili, ukungu ukatuangukia, na mvua ya barafu nyuma yake. Kila mtu akavuta kofia ya koti la mvua mpaka puani. Humjui mwanamke wala mwanamume. Graeme akaniita mbele tuangalie ramani. Alitaka kushuka kwa njia ya mashariki kwa kuwa ni fupi, mimi nilitaka turudi tulikopandia. Tukabishana. Unanijua nikibishana.

"Una Pascoe, mimi ndiye kiongozi hapa," akasema.

"Basi ongoza," nikamwambia, "lakini usiniite kushauri halafu uzibe masikio."

Akageuka akahesabu vichwa kwa kidole, kama wanafunzi wa darasa la pili. "Kumi na mmoja. Twende." Akaondoka, nami nikamfuata nikiendelea kumsomea. Nilishuka mlima mzima niko mbele, mdomo wazi, bila kumwambia mtu yeyote achukue nafasi yangu ya nyuma.

Tulifika kwenye magari saa nane na nusu. Wakati tunamimina chai, mtu mmoja akavua kofia ya koti lake. Kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu nyekundu, hatujawahi kumwona.

"Asanteni sana jamani," akasema. "Bila nyinyi ningepotea kabisa kule juu."

Graeme akamuuliza, "Samahani, wewe ni nani?"

Alikuwa Anton, mpimaji ardhi kutoka Hobart, anatembea peke yake. Alipotuona pale kwenye njia panda akajiunga nasi, akadhani tumemwona. Tulikuwa tumemhesabu.

Mimi sikuhitaji kutazama. Nilijua ni nani hayupo kabla sijageuza shingo.

Baadaye Nesta alinieleza. Alikuwa amekwenda nyuma ya jiwe kujisaidia, na mwanamke wa umri ule, mwenye suruali tatu za baridi, hamalizi shughuli hiyo kwa dakika moja. Alipotoka, hapakuwa na mtu. Aliita, upepo ukaibeba sauti yake upande wa pili. Hakujua tumeshuka njia ipi. Kwa hiyo akafanya lile tunalowafundisha wageni na ambalo wengi wetu tungelisahau kwa hofu: akakaa palepale. Akavaa kila alichokuwa nacho, akaingia ndani ya ule mfuko wa plastiki wa dharura katikati ya mawe mawili, akaanza kupiga filimbi mara tatu, anapumzika, mara tatu tena.

Kule chini Graeme alikuwa anazunguka gari lake. Nilimwambia aende kwenye shamba la karibu apige simu polisi. Akasema tusubiri kidogo. Nesta ni mzoefu, huenda anashuka. Tusubiri mpaka saa kumi na moja ndipo tuite polisi, maana polisi wakija waandishi wa magazeti watakuja nao, na jina la klabu litakwenda na maji.

"Saa kumi na moja ni giza, Graeme!"

"Usipandishe sauti, Una. Watu wataogopa."

"Ndiyo! Waogope!"

Nikachukua chupa ya chai na tochi mbili. Anton akaja nyuma yangu bila kuombwa. Nilimwambia abaki, ameshalowa. Akasema, "Mama, nimeshuka na nafasi yake. Siwezi kukaa hapa ninywe na chai yake."

Sijawahi kupanda mlima namna ile, kaka, na sitaki tena. Kifua kilikuwa kinawaka. Nilikuwa nikiita jina lake na kila nikinyamaza nasikia maji tu na majani. Zilipita kama saa mbili kasoro. Halafu Anton akanishika mkono. Fii, fii, fii. Nyembamba sana, kama kifaranga.

Tulimkuta Nesta ndani ya mfuko wake, midomo ya buluu. Vidole vimekufa ganzi kiasi kwamba alishindwa kufungua kopo lake la chakula, na mkate wote ulikuwa umo ndani mzima. Akanitazama akasema, "Nilijua mtarudi, Una. Sikujua tu kama nitakuwa bado sabini na mmoja."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Tukampa chai ya sukari, kidogo kidogo, tukamsugua mikono, tukamshusha katikati yetu hatua kwa hatua. Wenzetu walitupokea chini na mablanketi. Ilikuwa saa moja ya usiku imeshapita, na polisi walikuwa hawajapigiwa simu.

Nesta alilala wiki nzima kwa kifua. Vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havihisi kitu.

Sasa sikia kilichoniwasha. Siku nne baadaye kamati ikakutana, na Graeme akanipa ripoti yake ya safari niichape kwenye jarida. Mistari mitano! Mandhari yalikuwa mazuri, hali ya hewa ilibadilika, na, ninanukuu, "mwanachama mmoja mwenye umri mkubwa alichelewa kushuka." Alichelewa! Kama kwamba alikosa basi. Na chini yake pendekezo: mwanachama aliyevuka miaka sabini asiende safari ngumu bila barua ya daktari. Yaani tulimsahau sisi, na adhabu aipate yeye kwa kuzaliwa mapema.

Nikakataa kuichapa. Nikakaa usiku huo nikaandika kurasa mbili zangu. Kamati ikazikataa, watano kwa wawili, wakasema zinaleta mgawanyiko. Nikazibeba nikampelekea Nesta kitandani, nikitegemea atanipigia makofi.

Akavaa miwani. Akasoma yote, polepole kama anavyotembea. Kisha akauliza, "Na mkia alikuwa nani siku hiyo?"

Nikaanza kunyoosha shuka lake.

"Naona Graeme kahesabu vibaya, Graeme kachagua njia mbaya, Graeme kakataa kupiga simu. Yote kweli. Mkia simwoni humu."

"Nesta, mimi niliitwa mbele..."

"Nyani haoni kundule, Una. Rudi ukaandike upya."

Na wewe unajua namna ninavyopenda kusahihishwa. Nilirudi nyumbani nimevimba. Nilimkasirikia mgonjwa! Alwyn akaniuliza kuna nini, nikamjibu vibaya, akazima redio, jambo ambalo hulifanya mara mbili kwa mwaka. Lakini nikaandika upya, na safari hii mstari wa kwanza ulikuwa: Mimi Una Pascoe nilikuwa mkia, na niliacha nafasi yangu.

Jumanne iliyopita kulikuwa na mkutano mkuu wa mwaka katika ukumbi wa skauti. Kwa kuwa walinikatalia jarida, nilisimama nikawasomea. Graeme alikuwa anatazama viatu vyake muda wote. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, ila mzee mmoja nyuma alisema, "Nami ningedhani ni kumi na mmoja," na nadhani hilo liliwaingia kuliko kurasa zangu.

Pendekezo la umri likaanguka, kumi na tisa kwa kumi na sita. Kumi na sita, Desmond! Watu ambao Nesta amewafundisha kufunga kamba za viatu! Kisha tukapitisha kwamba kuanzia sasa hatuhesabu vichwa, tunaita majina. Ilichukua dakika mbili, hakuna aliyepinga. Mpaka bibi aachwe mlimani ndipo tugundue kwamba watu wana majina.

Ukaja uchaguzi. Nani anagombea uenyekiti? Watu wakaanza kuchunguza dari. Mmoja akasema, "Una, si uchukue wewe?" Nikasema sina nafasi, nina jarida. Ukweli ni kwamba napenda kulalamika kuliko kuongoza, nawe ulishaniambia hivyo nikiwa na miaka kumi na mbili. Basi Graeme akarudi tena bila kupingwa, tukala keki za nazi, tukaenda zetu. Nimechapa leo ratiba ya majira ya baridi. Safari ya kwanza, kiongozi: G. Tuckwell. Nilibonyeza herufi hizo mpaka mashine ikaomba huruma.

Jana asubuhi nilimwona huyohuyo Graeme nje kwa Nesta, amepiga magoti na sanduku la zana, anatengeneza lango. Alitumia saa mbili. Akalipaka na rangi. Nikavuka barabara alipoondoka, na supu yangu mkononi, maana nimekuwa nikimpelekea Nesta supu kila siku tangu alipougua, ya kuku, ya maboga, ya shayiri.

"Lango lilikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Halikuwa na kitu. Lilikuwa zima."

"Amesema chochote?"

"Amesema bawaba za siku hizi si madhubuti."

Nikaanza. Nikamwambia huyu mtu hana haya, neno moja tu dogo linamshinda, mtu mzima, mwalimu mzima, anaona heri apake rangi kijiji kizima kuliko kusema samahani. Nesta alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafunua sufuria, akanusa, akaifunika.

"Yeye ananitengenezea lango," akasema, "wewe unaniletea supu. Wiki tatu sasa. Hivi katika klabu nzima hakuna hata mmoja aliyeumbwa na ulimi?"

Nilisema ninachemsha kitu jikoni, nikaondoka. Sikuwa ninachemsha kitu.

Nimelala na hilo, nimeamka nalo. Nimesimama mbele ya watu thelathini na tano nikasema kosa langu, nikaliandika kwenye karatasi, nikakuandikia na wewe uliye upande wa pili wa dunia. Yeye mwenyewe, aliyekaa kwenye mfuko ule akipiga filimbi, sijamwambia. Nimemwambia kila kitu kuhusu Graeme.

Naona pazia lake limefunguliwa, kwa hiyo ameamka. Nitaifunga barua hii sasa, na nitavuka barabara mikono mitupu.

Nisalimie sana Lorraine, umwambie mbegu za maua alizotuma zimeota zote isipokuwa zile za zambarau. Nisalimie mwanao Gavin na mkewe, na umbusu binti yao Tamsin mdogo kwa niaba yangu, ingawa najua siku hizi anajiona mkubwa kwa mabusu. Alwyn anasema hajambo na anauliza kama bado una ile fimbo yake ya kuvulia samaki. Coralie naye anakusalimu.

Mungu akutunze hiyo nyonga, akuepushe na barafu kwenye ngazi, na atukutanishe kabla hatujazeeka kupita kiasi.

Ni mimi mdogo wako, mkali kwa mdomo na laini kwako siku zote,

Una